Wanne wa Unga

Nilikuwa sipendi kuuliza bei. Mtu mwenye haya akiuliza bei dukani anajiona amevuliwa nguo: muuzaji anamtazama, wanaosubiri wanamtazama, na sauti inamtoka nyembamba kama ya mbu. Kwa hiyo kila Jumamosi Mama aliponituma kuulizia unga wa ngano kwenye maduka ya jumla, niliuliza mara moja tu kila duka, nikatoka, nikasimama chini ya bati mvua isininyeshee, nikaandika kwenye daftari langu. Mama akisema, "Una hakika?" namsomea. Sikurudi kuuliza mara ya pili hata siku moja.

Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida la shule, limebanwa kwa pini mbili katikati. Niliandika kila kitu humo. Yale ambayo mdomo wangu haukuweza kuyasema, mkono uliyasema, na uliyasema vibaya. Nakiri. Kwa mdomo nilikuwa mtoto mwenye adabu kuliko wote pale mtaani kwetu Bagamoyo, Bagamoyo ya Tukuyu, si ile ya pwani. Kwa kalamu nilikuwa mtu wa kuogopwa.

Mama alikuwa na mgahawa: chai ya maziwa, maandazi, chapati, na maharage siku za gulio. Wateja wake walikuwa wanawake waliotoka Matwebe na Masoko na mikungu ya ndizi kichwani, vibarua wa mashamba ya chai, na makarani wawili watatu waliopenda kukaa dirishani ili waonekane wanakula. Mgahawa wa namna hiyo unaishi kwa unga. Unga ukipanda, unakohoa. Ukipanda tena, unalala kitandani.

Maduka ya jumla yalikuwa manne, na wenye nayo nawaita wanne wa unga kwa sababu ndivyo nilivyowaandika. Wawili walisali kanisani kwetu na wawili msikitini. Dini iliwatenganisha, unga uliwapatanisha. Mkubwa wao alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyekohoa kabla ya kutaja bei kana kwamba bei ilikuwa imekwama kifuani mwake na inamuuma kuitoa. Aliyemfuatia alivaa koti la ngozi siku zote, hata zile siku chache ambazo Tukuyu inakumbuka kwamba kuna jua. Wale wengine wawili walikuwa mwangwi tu. Sina la kusema juu yao. Hata dharau yangu iliona uvivu kuwafikia.

Wakati ule kila mtu alikuwa anasema soko huria. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, kufuli limeota kutu, na mbuzi walikuwa wanalala kwenye baraza lake. Mwalimu wetu wa uraia alichora ubaoni mishale: wauzaji wakiwa wengi, watashindana, wakishindana, bei itashuka, bei ikishuka, mwananchi atafaidi. Niliinakili mishale yote kwa rangi mbili. Jumamosi nikaenda nayo kichwani mpaka madukani, nikakuta wauzaji wanne na bei moja. Si bei zinazokaribiana, la. Moja. Hata sababu ilikuwa moja, na kwa maneno yale yale: "Barabara mbaya, mwanangu, mzigo umelala Mbeya." Barabara ya Mbeya ni ya lami tangu sijazaliwa. Niliandika: "Watu wanne na uongo mmoja. Hata uongo wanaununua kwa jumla."

Sasa niseme habari ya misiba, maana bila misiba hakuna habari.

Kwetu Rungwe msiba hauna mwaliko. Ukisikia, unakwenda. Tangu kidato cha kwanza nilikuwa naitwa kuandika daftari la rambirambi kwenye misiba ya ndugu na ya majirani, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na sina maneno mengi. Mtu anakuja mezani, anajitaja, anaweka alicholeta, naandika. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia anasimama na kusoma kwa sauti: fulani mkungu wa ndizi, fulani debe la mahindi, fulani ndama. Hapo ndipo mtu anapopimwa. Unaweza kuwa bahili maisha yako yote na ukasamehewa, lakini usiwe bahili msibani. Watu watakukumbusha mpaka na wewe ulazwe pale katikati.

Wanne wa unga hawakukosa msiba. Walikaa gogo moja, mbali kidogo na moto wa wanaume wengine, wameinamiana vichwa kama watu wanaosali. Akina mama walikuwa wakiwaonyesha vidole kwa sifa: tazama, sokoni wanashindana, lakini penye huzuni ni ndugu. Hata mimi nilivutiwa, mara ya kwanza. Jumamosi iliyofuata unga ukapanda, maduka yote manne, siku moja. Ukaja msiba mwingine, wakakaa gogo moja, Jumamosi yake unga ukapanda. Wa tatu, vivyo hivyo. Niliandika: "Nimegundua kwamba wafu wa wilaya hii wanapandisha bei ya unga."

Na jambo lingine lilinishangaza pale mezani. Kila mmoja wao alitoa rambirambi sawasawa na mwenzake. Awe amefiwa tajiri au maskini, jirani au mtu wa mbali, wanne wale walipita mezani mmoja mmoja na kila mmoja akaweka kile kile, kidogo, kilichokunjwa vizuri. Nilifikiri ni ubahili tu wa kawaida. Sikujua kwamba ubahili nao unaweza kupangwa.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa karani wa mahakama mpaka alipopunguzwa kazini pamoja na wengi. Walimpa barua ya shukrani yenye makosa mawili ya tahajia, ambayo aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu akawarudishia. Kisha akanunua mnadani taipureta ile ile aliyokuwa akiitumia ofisini, akaiweka kwenye baraza letu, ikawa anawaandikia watu barua za viwanja na za mirathi. Siku moja alirudi kutoka Mbeya na karatasi amezificha ndani ya shati zisilowe.

"Dada," alimwambia Mama, "kuna sheria mpya. Wafanyabiashara wakikaa wakapanga bei pamoja, ni kosa. Na aliyeumia anadai fidia."

"Anamdai nani?"

"Hao hao waliopanga."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. "Nimdai mzee wa kanisa? Na Jumapili nitakaa benchi gani?"

"Utakaa hilo hilo, ila umeshiba."

Alicheka, lakini hakukataa. Alikuwa amekwisha kuuza meza mbili kati ya sita. Alikuwa ameniambia, bila kunitazama, kwamba mambo yakiendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka atafunga mlango, arudi Masoko kwa Bibi kupalilia kahawa. Juu ya shule yangu hakusema kitu. Ndiyo maana nilielewa.

Mjomba akawaita wenye migahawa wenzake Mama na mwoka mikate mmoja. Siku ya kwanza walikuja wanane. Siku ya pili watano, maana watatu walionekana wakitoka duka la Koti la Ngozi kila mmoja na mfuko wa sukari wa bure begani. Mfuko mmoja. Mtu akiamua kuuza haki yake, si angalau aombe miwili? Wale watatu walikuwa wakipita mbele ya baraza letu wakitusalimia kwa uchangamfu mno, "Ugonile, ugonile", kama watu waliopona ugonjwa.

Waliobaki walikuwa na uchungu tele na ushahidi sifuri. Mjomba aliuliza risiti.

"Risiti gani, baba," akasema mama mmoja wa mgahawa wa karibu na stendi. "Pale tunajuana."

"Sawa. Bei ya unga mwezi wa nne ilikuwa ngapi?"

"Ilikuwa nafuu."

"Na mwezi wa sita?"

"Aa, hapo ilikuwa imechachamaa."

Mjomba alishika kichwa. Nafuu na imechachamaa, na kwa hayo aende akabishane na watu wenye magari. Nilikuwa nakaanga maandazi nyuma yao, nasikia yote. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri, na hata hivyo sikusema. Nilinakili bei zote, za Jumamosi zote, maduka yote manne, kwenye karatasi safi, pembeni nikaandika ni baada ya msiba upi, nikaiweka chini ya kikombe chake.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa.

"Mpwa wangu," alisema polepole, "hii umeitoa wapi?"

"Kwenye daftari."

"Daftari gani?"

"Langu."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima. Alijua daftari la msichana si la kuulizia. Aliandika madai, nakala tano, akayapeleka kwa afisa biashara wa wilaya, na chini akaweka sentensi moja kwamba wasipopatana mbele yake, watakutana mahakamani Mbeya.

Kikao cha kwanza kilikuwa kifupi. Wanne wa unga walikuja na wakili kutoka mjini Mbeya, kijana mwenye viatu vilivyong'aa ambavyo udongo wetu mwekundu ulivishughulikia kabla hajafika mlangoni. Aliishika karatasi yangu kwa vidole viwili.

"Kalamu moja, wino mmoja, siku moja," alisema. "Hii imetungwa juzi barazani. Kama kuna daftari, liletwe lenyewe. Lote. Si kuchaguliwa kurasa."

Afisa biashara alikuwa mtu ambaye angekubaliana na mlango kama mlango ungeongea wa mwisho. Akasema ni haki. Akatupa wiki moja.

Mama alinitazama tulipokuwa tunarudi. "Si bei tu zimo humo? Kuna ubaya gani?"

Nilisema hakuna ubaya.

Ubaya ulikuwa mwingi. Matusi kwa wanne wa unga hayakunisumbua sana, waliyachuma wenyewe. Kilichoninyima usingizi ni ukurasa wa tano kutoka mwanzo. Huo ulikuwa unahusu Jumapili moja, miezi kadhaa nyuma, unga ulipopanda mara ya kwanza kwa nguvu. Baada ya ibada akina mama wa migahawa walikusanyika jikoni kwetu. Wakakubaliana kwamba donge la unga linalotoa maandazi manne, sasa litoe sita, bei ibaki ile ile, na atakayekata makubwa ili kuwavuta wateja wa wenzake atatozwa kilo ya sukari. Niliandika yote, maana nilikuwa naosha vyombo pale pale. Nilimwandika na Mama alivyosema: "Mteja ni kama mtoto. Mwekee kwenye sahani ndogo, ataona kubwa." Wakacheka wote. Na mimi chini yake nikaandika: "Mama zetu nao wamekaa gogo moja. Wamejifunza haraka."

Basi niliamua kuuchana. Niliukunja ukurasa ule, nikaanza kuuvuta, na hapo ndipo nilipoona balaa la daftari la pini. Ukurasa wa tano kutoka mwanzo umeungana na ukurasa wa tano kutoka mwisho. Ni karatasi moja iliyokunjwa. Ukiing'oa ya huku, ya kule inalegea na kuanguka mapajani mwako. Nikageuza nione ya kule ina nini. Ilikuwa msiba wa Masoko, ulio mkubwa kuliko yote, ambao baada yake unga ulipanda kuliko wakati wowote. Nikimwokoa Mama na aibu, namnyima ushahidi wake mkubwa. Nikiacha ushahidi, namwanika.

Nilikaa na daftari lile juma zima. Ningeweza kumwambia Mama. Mtu jasiri angemwambia. Mimi nilichagua kunyamaza, nikajidanganya kwamba kunyamaza ni uaminifu. Ilikuwa woga tu, umevaa nguo za Jumapili.

Siku ya kikao cha pili ofisi ilijaa. Hata wale watatu wa sukari walikuja, wakasimama karibu na mlango ili wajue wampigie makofi nani. Afisa biashara aliniambia nisome. Nilisimama, nikafungua mdomo, na hakuna aliyesikia kitu, hata mimi.

"Mpe karani," akasema.

Karani wake alikuwa msemaji wa misiba, mtu mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Alisoma kurasa zangu zote kwa sauti ile ile anayosomea rambirambi. Alisoma kwamba mzee wa kanisa "anakohoa bei". Alisoma habari ya uongo wa jumla. Alisoma kwamba wawili waliobaki "wakifa, sijui nani atagundua". Watu walikuwa wanauma midomo. Mimi nilikuwa nimetazama sakafu, nahesabu misumari ya mbao, natamani ubao mmoja ufunguke nipite.

Akafika ukurasa wa tano. Hakubadilisha sauti. Donge la manne, donge la sita, kilo ya sukari, sahani ndogo. Sikumtazama Mama. Wakili akachukua kalamu yake na kuandika kitu, akitabasamu kama mtu aliyeokota pesa.

Karani akaendelea, bei juu ya bei, msiba juu ya msiba. Mpaka akafika Masoko.

Marehemu wa Masoko alikuwa mama mdogo wa Koti la Ngozi, mdogo wake mama yake mzazi, aliyemlea baada ya mama yake kufa. Wilaya nzima ilijua. Na siku ile alipita mezani kwangu na kuweka kile kile walichoweka wenzake watatu, kidogo, kilichokunjwa vizuri. Iliposomwa pale msibani, ule umati ulinyamaza kimya kibaya. Nami niliandika, na karani akasoma: "Kwa mama mdogo aliyembeba mgongoni, Koti la Ngozi ametoa sawa na mpita njia. Hata kuku wa wafiwa alitoa zaidi, maana alitoa shingo."

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja nyuma alisema tu, "Mwe bandu", enyi watu, kwa namna wanavyosema kaburini.

Koti la Ngozi alisimama. Wakili wake alimshika mkono wa koti, naye akauchomoa.

"Sikiliza, binti," aliniambia mimi, moja kwa moja, kana kwamba ofisi haina mtu mwingine. "Mengine yote andika. Mimi mwizi, mimi mchoyo, andika. Lakini hilo la mama mdogo ufute."

Nilikuwa siwezi kuinua kichwa.

"Mimi nilikwenda na ndama. Alikuwa amefungwa kwa shemeji yangu, ng'ambo ya mto, muulize. Nilitaka nimtoe ndama. Huyu mzee," akamwelekezea kidole mzee wa kanisa, "ndiye aliyeniambia pale kwenye gogo, ukitoa ndama leo, watu watauliza umempata kwa faida gani. Akasema tulikubaliana tutoe sawa kama tunavyouza sawa. Mtu asimzidi mwenzake, si kwenye unga, si kwenye msiba."

"Kaa chini," akasema wakili.

"Sikai. Dada zangu hawali nyumbani kwangu mpaka leo. Nimekuwa mtu wa kusimuliwa. Kwa ajili ya bei ya huyu mzee."

"Bei ya wote," akasema mmoja wa wale mwangwi, kwa uchungu, na hilo ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akilisema ambalo hakulikopa.

Mzee wa kanisa alikohoa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anakohoa bila bei kufuata.

Nimewaza mara nyingi juu ya dakika ile. Watu wale walikuwa wamejificha vizuri. Hawakuandika popote, hawakukutana dukani, wala hawakutoa risiti. Wangeweza kukana mpaka kiyama kwamba walipanga bei ya unga, na kwa kweli kuitwa mwizi hakukumtikisa hata mmoja. Kilichomtikisa mmoja ni kuitwa bahili msibani. Walisahau kwamba kwetu mtu anavumilia kuonekana mwovu, lakini si kuonekana hana ndama. Siwaoni kama watu werevu walioteleza. Nawaona kama watu wadogo waliopanga mpaka huzuni yao, wakashangaa ilipowakataa.

Wakili alikuwa bado na kalamu yake. Kwa hilo nampa haki. Alisimama, akasema basi, tuseme ilipangwa. "Lakini hasara iko wapi? Binti huyu huyu ameandika. Unga ulipanda, hawa akina mama wakapunguza andazi. Hasara waliipokea kwa mkono wa kulia wakaikabidhi kwa mkono wa kushoto. Aliyeumia ni mla andazi, na mla andazi hayupo hapa."

Watu wote wakamtazama Mama. Wale watatu wa mlangoni ndio walioguna kwa nguvu zaidi, na wao walikuwapo jikoni kwetu siku ile ile na walicheka.

Mjomba alisimama taratibu. "Mla andazi akiona andazi limekuwa kama kitufe, anakula moja badala ya mawili, na kesho anakunywa chai kwake. Dada yangu alikuwa na meza sita. Nendeni mkahesabu leo. Hizo mbili alizikabidhi kwa nani?"

Afisa biashara alitafuta mtu wa mwisho kuongea akubaliane naye. Bahati nzuri alikuwa Mjomba. Wakili aliomba watoke nje kidogo, wakasimama kwenye manyunyu wanabishana, tukaona koti la ngozi likipunga mikono. Waliporudi walikubali. Madai yangelipwa nusu, kwa sababu ya ukurasa wa tano. Nusu nyingine, alisema afisa, ni ya wananchi, na wananchi hawajaleta madai. Malipo yangekuwa kwa mifuko ya unga, mwezi hadi mwezi, mpaka iishe. Na bei zingetenganishwa. Aliandika hivyo hivyo: zitenganishwe. Kama watoto waliokuwa wanapigana.

Mwoka mikate alilalamika njia nzima kwamba angepata yote kama si kidaftari. Alisema akinipita karibu ili nisikie. Mtu asiyekumbuka bei ya hata mwezi mmoja.

Mama alitembea mbele yetu mpaka nyumbani. Alivua viatu, akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo huwa hakai.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliogopa."

"Uliogopa kuniambia, hukuogopa kuandika."

Nikaokota viatu vyake, nikaviweka nyuma ya mlango.

"Ile sahani ndogo," akasema Mama. "Nilisema kweli hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wenzangu wakacheka?"

"Wakacheka."

Alitikisa kichwa kama anayemtikisia mtu mwingine. "Haya. Nenda kachote maji."

Mfuko wa kwanza ulikuja wiki ile, kutoka kwa mzee wa kanisa, na ulinuka mafuta ya taa kwa sababu mtu wa namna ile hata akilipa lazima aache alama. Mama aliupepeta, akautandaza kwenye mkeka kutwa nzima. Kesho yake asubuhi alikanda, nikasimama na kisu tayari kukata donge vipande sita. Akaninyang'anya kisu. Akakata mara mbili, msalaba, vipande vinne.

Maandazi yalivimba kwenye mafuta mpaka yakasukumana. Mwanamke mmoja kutoka Matwebe alitua mkungu wake, akalishika lake kwa mikono miwili, akaligeuza. "Ndaga," alisema, asante, kwa mashaka, kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Siku ya tatu walikuja. Akina mama wanne wa migahawa, pamoja na wawili kati ya wale wa sukari, wamevaa vitenge vya kikao. Walikaa meza moja. Wa karibu na stendi ndiye aliyeanza.

"Dada, tumesikia unakata manne."

"Mmesikia vizuri."

"Makubaliano hujayasahau. Ni kilo ya sukari."

Mama aliwamiminia chai, kila mtu kikombe chake. Akaniita nilete maandazi, na akasema, bila kugeuka, "Kwenye sahani kubwa."

Nikayaleta. Wakayatazama. Walijua kabisa kwamba kuyala ni kukubali, na kutoyala ni kukaa na njaa mbele ya andazi la moto huku mvua inanyesha nje. Mama alifungua kabati, akapima kilo moja ya sukari, akaiweka katikati ya meza.

"Faini yenu hiyo," alisema. "Na kesho nitakata manne tena, mje tena."

Walitazamana. Kisha yule wa stendi akanyoosha mkono, akachota kijiko cha sukari kutoka kwenye ile faini, akakoroga chai yake, akamega andazi. Wengine wakafuata. Walikula mpaka makombo, wakafunga sukari iliyobaki kwenye ncha ya kitenge, wakaaga vizuri.

Nilitoa daftari chini ya kaunta niandike. Mama aliniona, na kwa mara ya kwanza hakujifanya hajaona.

"Andika," alisema, "na wameondoka na sukari."

Nikaandika.